Ng'ombe "Tasa" Aliyekuwa na Mimba: Habari za Uchunguzi wa Uzazi wa Ng'ombe wa Maziwa

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi majani kwa ajili ya kiangazi. Leo tuweke panga na jembe kando kidogo. Nitawasimulieni habari za watu waliotumia maisha yao kutafuta jibu la swali ambalo kila mwenye ng'ombe wa maziwa amewahi kujiuliza akiwa amesimama mlangoni mwa zizi: kwa nini huyu hashiki mimba?

Nianze na nyumbani. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Mmoja, lakini ndiye aliyenunua chumvi na mafuta ya taa, na ndiye aliyelipa ada za shule. Alizaa mara mbili salama. Baada ya hapo akapelekwa kwa dume la jirani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila baada ya majuma matatu anarudi kutaka dume. Akapelekwa mara ya nne. Wakati huo maziwa nayo yalikuwa yamekauka. Watu wakasema, "Huyo amekwisha kuwa tasa, unamlisha bure." Mnunuzi akaja, akatazama mbavu, akataja bei ya nyama, shangazi akapokea. Kesho yake mchinjaji akamtuma kijana aje kumwita. Tumboni mwa yule "tasa" mlikuwa na ndama wa kama miezi mitano, kwato zimekwisha fanyika, na vinyweleo vimeanza kuota mdomoni. Ile safari ya nne ilikuwa imeshika, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka shangazi alirudi, akaikunja kamba ya ng'ombe, akaitundika ukutani, na siku ile hakula.

Basi habari yetu ya leo ndiyo hiyo: jinsi binadamu alivyojifunza kujua yanayotokea ndani ya ng'ombe aliye hai, bila ya kungoja kisu cha mchinjaji kimwambie.

Kwa muda mrefu sana kisu ndicho kilichokuwa mwalimu. Mwaka 1677 Mholanzi mmoja, Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo aliyejitengenezea mwenyewe hadubini, yaani chombo cha kuonea vitu vidogo, aliandika habari za vijidudu alivyoviona vikiogelea katika mbegu za dume. Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1780 padri mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, akachukua mbegu za mbwa dume, akazitia kwa bomba la sindano katika kizazi cha mbwa jike aliyefungiwa peke yake. Baada ya siku 62 jike akazaa watoto watatu. Padri huyo huyo aliona pia kwamba mbegu zikitiwa katika theluji huacha kuogelea, lakini zikipashwa joto taratibu nyingine huamka. Likumbukeni jambo hilo la baridi, tutalirudia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Urusi, Ilya Ivanov aliitoa kazi hii katika mambo ya kustaajabisha akaifanya iwe kazi ya ufugaji. Alianza na farasi, halafu ng'ombe na kondoo. Hoja yake ilikuwa rahisi: dume mmoja mzuri akipanda mwenyewe huzalisha majike wachache, lakini mbegu zake zikigawanywa zitafika kwa mamia.

Lakini kugawa mbegu si kujua uzazi. Unaweza kuwa na mbegu bora duniani ukazitia siku isiyo yake, nazo zitakufa bure. Elimu ya siku ilitafutwa zaidi huko Cambridge, Uingereza. Mwalimu wao alikuwa F. H. A. Marshall, aliyetoa kitabu kikubwa cha mambo ya uzazi mwaka 1910. Mwanafunzi wake, John Hammond, mtoto wa mkulima, akamchagua ng'ombe. Hammond hakuwa na mashine ya kuonea tumboni. Alifanya kama alivyofanya yule mchinjaji wa kijijini kwetu, ila yeye alifanya kwa mpango: mitamba ilichinjwa katika siku zilizohesabiwa tangu joto lao, na vizazi vyao vikafunguliwa na kupimwa. Mwaka 1927 akatoa kitabu juu ya uzazi wa ng'ombe peke yake. Mitamba ile iliyokufa Cambridge ndiyo iliyotupa hesabu tunazozitumia mpaka leo.

Hesabu zenyewe ni hizi, na naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ndani ya ng'ombe jike kuna ovari mbili, yaani vifuko vya mayai, ndogo kama kokwa za embe dodo changa. Yai linakaa katika kilengelenge cha maji. Kilengelenge kikikua kinatoa homoni inayomtia ng'ombe joto, ndipo mnapomwona anahangaika, analia, anatoa ute unaong'aa, na akipandwa na wenzake anasimama tuli. Halafu kilengelenge kinapasuka na yai linatoka. Lakini sikilizeni: kwa ng'ombe yai halitoki wakati wa joto. Linatoka joto likiisha, kiasi cha saa 10 hadi 14 baadaye, wakati ng'ombe amekwisha tulia anatafuna kama hakuna lililotokea. Mahali palipopasuka panaota kinundu cha rangi ya manjano. Kinundu hicho hutoa homoni nyingine iitwayo projesteroni, ambayo wanakemia wa nchi mbalimbali waliipata ikiwa safi mwaka 1934. Kazi yake ni kuutuliza mfuko wa uzazi ili umlee mtoto. Kama mimba haikushika, yapata siku ya 17 kinundu kinaanza kunyauka, na kwenye siku ya 21 hivi ng'ombe anarudi katika joto.

Kwa hiyo kila joto linalopotea limekula siku 21. Mfugaji mwenye ng'ombe 200 anaweza asione. Shangazi yangu mwenye mmoja aliona.

Sasa twende Denmark. Wakulima wa huko walikuwa na vyama vya ushirika vya maziwa vyenye nguvu, na walikuwa na shida mbili: madume yalikuwa ghali kufuga, na magonjwa ya uzazi yalikuwa mengi. Ni huko huko Denmark ambako daktari Bernhard Bang, mwaka 1897, alieleza kijidudu kinachofanya ng'ombe watupe mimba, ule ugonjwa tunaouita brusela. Mwaka 1936, katika kisiwa kidogo kiitwacho Samsø, wakulima waliunda chama cha kwanza cha ushirika cha uhimilishaji wa ng'ombe. Wataalamu wao walikuwa Eduard Sørensen na Jens Gylling-Holm. Waliandikisha ng'ombe 1,070, na katika kila 100 walishika mimba 59, matokeo mazuri kidogo kuliko ya madume yenyewe katika mazizi yale.

Wadenmark waliiachia dunia mambo mengine mawili. La kwanza ni ule utaratibu wa kuingiza mkono mmoja katika njia ya mavi, kuushika mlango wa kizazi kutokea juu, na kwa mkono mwingine kupitisha mrija mpaka ndani. Wengi wenu mmemwona Bwana Mifugo akifanya hivyo na watoto wakacheka. Mkono ule ule, ukiwa umezoea, huweza kuishika mimba ya miezi miwili au mitatu na kusema, "Huyu anayo." Kama mkono kama huo ungepita zizini kwa shangazi, ndama yule angezaliwa. La pili ni mrija wa kuwekea mbegu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni walitumia mabua ya nafaka, mpaka Sørensen alipowaona watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa binti yake wakinywa sharubati kwa mirija myembamba. Akajua kwamba amepata alichokuwa akikitafuta.

Kutoka huko kazi ikaenea. Mwaka 1938 chama kama kile kikaanzishwa New Jersey, Marekani, na mtu aliyekuwa amekwenda kuwatazama Wadenmark.

Lakini Afrika Mashariki haikungoja mpaka hapo. Mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya Samsø, uhimilishaji ulikuwa umekwisha anza huko Naivasha, Kenya, katika mashamba makubwa ya walowezi. Sababu ilikuwa maradhi. Kulikuwa na magonjwa mawili yanayoambukizwa na dume wakati wa kupanda. Moja linatokana na kijidudu kiitwacho trikomona, la pili liliitwa vibrio. Ubaya wake ni kwamba dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Ananenepa, anang'aa, anapanda vizuri, na kila jike anayempanda anaweza kuachiwa ugonjwa. Jike anashika mimba, halafu inakufa ingali changa kabisa, wakati mwingine bila ya mwenyewe kuona chochote, naye anarudi kutaka dume. Mwenye ng'ombe anahesabu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mnaikumbuka hesabu hiyo? Mimi sijui kama dume la yule jirani yetu lilikuwa na ugonjwa. Hakuna aliyelipima. Lakini lilikuwa likizunguka kijiji kizima, na wakati ule lawama zote zilimwangukia jike.

Mtafiti aliyefanya kazi hiyo Kenya, James Anderson, aliwachunguza pia ng'ombe wetu wa asili wenye nundu pamoja na machotara wao. Akakuta jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikulisema. Ng'ombe wa Kizungu hukaa katika joto nusu siku au zaidi. Ng'ombe wa asili aliowapima yeye walikaa kama saa 5 tu kwa wastani. Saa tano! Joto likianza usiku mwenye zizi amelala, asubuhi limekwisha. Na machotara, ambao ndio wengi wetu tunawafuga, wanaweza kumfuata mama au baba.

Mwaka 1946 kikajengwa kituo kikuu cha uhimilishaji huko Kabete, karibu na Nairobi. Lakini tusisahau ni kwa ajili ya nani. Kabla ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mkulima Mwafrika wa Kenya aliwekewa vizuizi vingi asifuge ng'ombe wa gredi. Elimu ilikuwa ng'ambo ya waya, yeye akiwa upande huu. Katika vitabu vingi vya historia ya utaalamu huu jambo hilo huachwa, nami naona si vizuri kuliacha.

Mbegu za wakati ule zilikuwa na shida: hazikai. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, walikuwa wamegundua mnamo 1939 kwamba zikichanganywa na kiini cha yai la kuku huvumilia baridi, lakini hata hivyo zilidumu siku chache tu. Barabara ikikatika kwa mvua, mbegu zimekufa.

Hapa ndipo inapoingia ile habari ya baridi ya padri Spallanzani. Mwaka 1949, katika maabara ya Mill Hill, London, vijana wawili, Christopher Polge na Audrey Smith, pamoja na mkuu wao Alan Parkes, walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo. Walitumia maji ya sukari. Yalishindwa. Wakaiweka chupa katika chumba cha baridi. Miezi ikapita, wakaitoa chupa wakajaribu tena, na safari hii mbegu zikaganda, zikayeyushwa, zikaamka zikaogelea! Wakatengeneza maji mengine mapya ya sukari ile ile. Yakashindwa. Ya chupa ya zamani yanafanya kazi, mapya hayafanyi. Yalipobaki kidogo sana wakampelekea mwanakemia ayapime. Jibu likaja: humu hamna sukari. Mna gliserini, maji, na ute wa yai. Karatasi za majina ya chupa zilikuwa zimebadilishana huko chumbani! Gliserini, maji hayo mazito matamu ambayo wengine hujipaka mikono ikipasuka, ndiyo iliyozikinga mbegu zisiuawe na barafu. Mwaka 1951 ikatangazwa habari ya ndama aliyezaliwa kwa mbegu za fahali zilizogandishwa. Baadaye ikaonekana kwamba zikiwekwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, zinakaa miaka na miaka. Fahali aliyekufa zamani anaweza kupata ndama kesho.

Basi, ndugu wakulima, watu waliona kwamba kazi imekwisha. Mbegu zimeshinda safari, zimeshinda hata kifo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna chupa iliyoweza kukigandisha, nacho ni joto la ng'ombe mwenyewe. Lile linakuja kwa saa zake na kuondoka kwa saa zake.

Aliyelipima kwa uangalifu zaidi alikuwa George Trimberger, wa chuo kikuu cha Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940. Aliwahimilisha ng'ombe kwa saa tofauti na kuhesabu waliopata mimba. Waliohimilishwa joto linapoanza, walishika 44 katika kila 100. Katikati ya joto, 82. Saa 6 baada ya joto kwisha, 62. Saa 12 baada ya kwisha, 32. Baada ya siku nzima, 12. Baada ya siku mbili, hakuna hata mmoja. Mbegu zile zile, fundi yule yule. Kilichobadilika ni saa. Kwa hesabu hizo ikapatikana kanuni mnayoambiwa na mabwana mifugo: ukimwona katika joto asubuhi, ahimilishwe jioni ya siku ile, ukimwona jioni, ahimilishwe kesho asubuhi.

Kwa nini kuwahi mno nako ni vibaya? Mwaka 1951 watafiti wawili, M. C. Chang huko Marekani na C. R. Austin huko Australia, kila mmoja bila ya kusaidiana na mwenzake, walionyesha kwa sungura na panya kwamba mbegu zikiingia kizazini haziwezi kulirutubisha yai papo hapo. Lazima zikae humo saa kadhaa kwanza, ziive. Nazo zikikaa mno zinachoka. Yai nalo, likitoka, lina maisha ya saa chache tu. Ni kama watu wawili walioahidiana kukutana kituo cha basi, na hakuna basi la pili.

Kenya, baada ya uhuru, waliuchukua utaalamu huu wakaupeleka kwa mkulima mdogo. Kuanzia mwaka 1966, kwa msaada wa Sweden, ukaundwa mpango wa taifa zima. Mhimilishaji alipita kila siku katika barabara yake kwa gari au pikipiki, kwa saa zinazojulikana. Kando ya barabara kulikuwa na vibanio vya miti. Mkulima anamleta ng'ombe wake, anamfunga kibanioni, anangoja. Katika miaka ya 1970 malipo yalikuwa shilingi moja. Moja! Ilipofika mwaka 1979 walihimilishwa ng'ombe zaidi ya 500,000 kwa mwaka. Huku Tanzania kazi hiyo ilipata kituo chake cha taifa Usa River, karibu na Arusha.

Serikali zilipopungukiwa na fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi nchini Kenya ikaachiwa zaidi watu binafsi, magari yale yakapungua na malipo yakapanda. Wakulima wengi walirudi kwa dume la jirani. Siwalaumu. Mtu akilipa mara moja, mara mbili, na ng'ombe anarudi, ataona heri dume. Lakini magonjwa yale hayakwenda popote, na dume asiyepimwa leo ni yule yule wa mwaka 1935.

Tena, mara nyingi kosa halikuwa katika mbegu. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Uingereza, Laing na Heap, walionyesha kwamba ile projesteroni ya kinundu cha manjano inaonekana katika maziwa. Ajabu ya rahisi! Kikombe kidogo cha maziwa kinaweza kueleza mambo ya ovari. Kama ng'ombe yuko katika joto la kweli, projesteroni iko chini kabisa. Siku 21 hadi 24 baada ya kuhimilishwa, ikiwa chini, hana mimba. Ikiwa juu, huenda anayo. Kipimo hicho kikapelekwa nchi nyingi za Afrika kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Walipoanza kupima maziwa ya ng'ombe siku ile ile ya kuhimilishwa, walikuta mara kwa mara kwamba baadhi yao projesteroni iko juu. Maana yake hawakuwa katika joto hata kidogo. Mtu aliona ng'ombe analia, labda kwa njaa, akaita fundi. Au aliona damu kidogo mkiani. Damu hiyo, ndugu zangu, hutokea siku moja au mbili baada ya joto. Ni gari limekwisha ondoka na unachokiona ni vumbi. Ukiiona, usiite mtu. Hesabu siku 18 au 19 mbele, anza kumwangalia upya.

Sisi wenye ng'ombe mmoja aliyefungwa zizini tuna taabu kubwa zaidi. Kundini, ng'ombe anayetaka dume huwapanda wenzake na kupandwa, yuko wazi. Aliye peke yake ampande nani? Dalili zake ni ndogo: anakataa chakula kidogo, maziwa yanapungua ghafla siku ile, anasimama masikio wima wakati wenzake wa jirani wamelala, ute unang'aa kwenye mkia. Trimberger alikuwa na watu wa kuwatazama ng'ombe saa zote. Wewe una macho yako tu, alfajiri kabla ya kukamua na usiku kabla ya kulala.

Jambo la mwisho walilolichunguza wataalamu ni hori. Mwaka 1981 W. R. Butler na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kwamba ng'ombe akizaa na kuanza kutoa maziwa mengi, anatoa mwilini zaidi ya anachokula. Anakonda akiwa anakamuliwa. Yai la kwanza halitoki mpaka upungufu ule ufike chini kabisa na uanze kupanda. Kiasi cha siku 10 baada ya hapo, ovari inaamka. Asiyelishwa vizuri baada ya kuzaa haonyeshi joto kwa miezi, na watu husema kizazi kimefungwa. Kizazi hakijafungwa. Anangoja chakula. Ndama akinyonya mchana kutwa, anangoja zaidi.

Huko kwa wakubwa nako waliadhibiwa kwa jambo hili. Katika jimbo la New York, mwaka 1951 ng'ombe wapatao 65 katika 100 walishika mimba kwa mara ya kwanza kuhimilishwa. Kufika katikati ya miaka ya 1990 walikuwa kama 40. Kwa miaka yote ile madume yalichaguliwa zaidi kwa wingi wa maziwa ya binti zao. Wanorwe walikuwa na akili tofauti: tangu miaka ya 1970 walihesabu pia kama binti anashika mimba upesi, na ng'ombe wao wekundu hawakuharibika hivyo. Ukipewa nafasi ya kuchagua mbegu, usiulize lita peke yake.

Siku hizi kuna sindano za kumleta ng'ombe katika joto. Mwaka 1972 Rowson na wenzake huko Cambridge walionyesha kwamba dawa iitwayo prostaglandini inakiyeyusha kinundu cha manjano, na joto linafika baada ya siku chache. Mwaka 1995 watu wa Wisconsin wakatoa mpango wa sindano tatu unaowezesha kuhimilisha kwa saa iliyopangwa, bila ya kungoja dalili. Ni utaalamu mzuri. Lakini kumbukeni kinundu kile ndicho kinachoshikilia mimba. Ukimdunga prostaglandini ng'ombe ambaye hujui kama anayo, unaweza kuitoa. Shangazi angeuziwa sindano ile badala ya kumwita mnunuzi, ndama angekufa vile vile.

Miaka mitatu baadaye alinunua mtamba kwa fedha za kahawa. Safari hii alinitumia mimi, niliyekuwa nimejua kusoma, kuandika tarehe kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni: siku aliyotaka dume, siku aliyopandwa, na alama ya siku 21 mbele. Siku ya alama ilipofika aliamka na kandili usiku wa manane, akaenda zizini, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mtamba alikuwa amelala, anacheua. Shangazi akakaa mpaka jogoo wa pili, akarudi, akaniambia nipige mstari juu ya ile alama, kisha nihesabu miezi tisa na siku kumi.